May au Johnson: Nani Umpe Kazi ya Kuitoa Nchi Kwenye Umoja?

Tuseme kura imeshapigwa na walioshinda ni wale waliotaka kutoka. Walioshindwa wamenuna, walioshinda wamekesha wakisherehekea, na kunapokucha kuna swali ambalo kwenye kampeni hakuna aliyetaka kulijibu: nani anakwenda kuzungumza, na akifika huko atasema nini? Umoja wa nchi jirani hauachwi kama kikundi cha soga kwenye simu, kwamba ukibonyeza tu umetoka. Kuna michango mliyoahidi kulipa kwa miaka ijayo, raia wenu walioanza maisha upande wa pili, viwanda ambavyo kipuri kinavuka mpaka mara kadhaa kabla gari halijakamilika, mahakama ya pamoja, samaki, anga.

Uingereza inafaa kutazamwa kwa sababu, ilipotoka Umoja wa Ulaya, iliwapa watu wawili wasiofanana kazi ileile, mmoja akimpokea mwenzake. Theresa May aliishika akiwa waziri mkuu kuanzia Julai 2016 hadi Julai 2019, Boris Johnson akaichukua hapo. Mbele yao alikaa mtu yuleyule, Michel Barnier, akiwasemea wanachama 27 waliobaki. Bunge alilopambana nalo Johnson miezi yake ya kwanza ndilo lilelile lililomwangusha May. Anayetaka kulinganisha mitindo miwili ya uongozi hapati nafasi kama hiyo mara kwa mara.

Wengi hulinganisha hulka: May mgumu na mkimya, Johnson mcheshi na mbabe. Mimi naona hulka inaeleza kidogo sana. Nimewapima kwa mambo manne: saa, nyumbani, mpaka na vitisho. Pesa nimeipitia juujuu, na utaona kwa nini.

Saa: nani aliianzisha, na akiwa na nini mkononi

Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Nchi inayotaka kutoka inatoa taarifa. Taarifa ikipokelewa, miaka miwili inaanza kuhesabiwa. Ikiisha bila makubaliano, nchi iko nje, iwe imejiandaa au haijajiandaa, ila kama wanachama wote waliobaki watakubali kuongeza muda. Ukiisoma taratibu unaona ujanja wake. Anayetoka ndiye anayeamua saa ianze lini, lakini ikishaanza inamfanyia kazi anayebaki.

Kwa hiyo siku ya kupeleka barua ilikuwa karata kubwa ya May, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Tumtendee haki: Ulaya walikuwa wamesema wazi hakuna mazungumzo kabla ya barua, na ndani ya chama chake mwenyewe kila wiki iliyopita bila barua ilizaa tuhuma kwamba anataka kuizika kura ya Juni 2016, iliyokuwa asilimia 51.9 kwa 48.1. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga kura ya kubaki, na hilo hawakumsahaulisha. Akaicheza karata. Tarehe 29 Machi 2017 Balozi Tim Barrow alimkabidhi Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, barua mkononi, mjini Brussels.

Sasa tazama alichokuwa nacho siku hiyo. Alikuwa na orodha ya mambo asiyoyataka, aliyoitangaza kwenye hotuba ya Lancaster House, London, mwezi Januari: hataki soko moja, hataki watu kuingia na kutoka kwa uhuru, hataki mahakama ya Ulaya, hataki kufungwa na forodha ya pamoja. Anachokitaka, baraza lake la mawaziri lilikuwa halijakubaliana. Makubaliano ya mawaziri kuhusu uhusiano wa biashara na Ulaya yalipatikana Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu, tarehe 6 Julai 2018, siku ya Ijumaa, zaidi ya miezi 15 tangu saa ianze. Na hata hayo hayakumaliza wikendi. Jumapili usiku David Davis, waziri wa kujitoa, alijiuzulu. Jumatatu Johnson, waziri wa mambo ya nje, akamfuata. Katikati ya muda huohuo May alitumia wiki saba kwenye uchaguzi wa ghafla, nitaurudia.

Barnier alilichora tatizo hili vizuri kuliko mtu yeyote. Desemba 2017 aliwaonyesha viongozi wa Ulaya mchoro wa ngazi inayoshuka, kila kidato kikiwa aina ya uhusiano na Ulaya. Juu kabisa ni uanachama, kidato kinachofuata Norway, kisha Uswisi, Ukraine, Uturuki, halafu Kanada na Korea Kusini, na sakafuni kabisa hakuna mkataba. Pembeni ya kila kidato akaandika sharti la May linalokifuta. Mpanda ngazi hushuka, lakini huyu alikuwa ameishuka yote hadi kidato cha Kanada kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya kukaa mezani kuuliza bei ya kidato chochote.

Johnson hakuanzisha saa hiyo, aliikuta inagonga na imeshaongezwa muda mara mbili. Yeye alijitengenezea nyingine: 31 Oktoba 2019, kufa na kupona. Alisema afadhali afie mtaroni kuliko kuomba muda zaidi. Bunge likapitisha sheria ya kumlazimisha aombe iwapo hatakuwa na mkataba uliokubaliwa. Usiku wa 19 Oktoba barua ikaenda Brussels bila saini yake, ikifuatana na nyingine aliyoisaini, inayoeleza kwamba kuongeza muda ni kosa. Barua isiyo na saini ikapokelewa kama barua yoyote, na muda ukasogezwa hadi 31 Januari 2020.

Wote wawili, basi, walikosa tarehe waliyoiapia. May alilipia kosa hilo kwa kazi yake. Johnson hakulipa chochote, kwa sababu alihakikisha kila mpiga kura anajua nani amemzuia. Kuna watu wanaita huo ujanja mchafu, na sibishani nao, ila kama unachagua kiongozi wa kukutoa, ujue kwamba tarehe iliyokosewa haina bei moja. Inategemea nani anaonekana kuishikilia breki.

Nyumbani: meza ya kwanza haiko Brussels

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, nami nitakaa kidogo.

May aliingia mwaka 2017 akiwa na wingi mdogo bungeni. Aprili akaitisha uchaguzi akitaka wingi mkubwa zaidi wa kumpa nguvu mezani. Tarehe 8 Juni alipata viti 317, pungufu ya nusu. Akalazimika kuegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini kinachotaka kubaki chini ya Uingereza, kwa makubaliano yaliyoambatana na pauni bilioni moja kwa ajili ya eneo hilo. Yaani jambo gumu kuliko yote kwenye mazungumzo lilikuwa mpaka wa Ireland, na kuanzia siku hiyo mwenye kura ya turufu juu yake alikuwa chama chenye wabunge kumi.

Ukitaka kuona maana yake kwa karibu, nenda Jumatatu ya 4 Desemba 2017. May yuko Brussels, amekaa kwa chakula cha mchana na Jean-Claude Juncker, rais wa Kamisheni ya Ulaya. Maandishi ya awamu ya kwanza yako tayari: pesa, haki za raia, Ireland. Habari za kilichoandikwa kuhusu Ireland zinavuja, DUP wanatoa tamko la kuyakataa, na Waziri Mkuu anainuka mezani kwenda kuzungumza na Arlene Foster, kiongozi wa DUP, kwa simu. Anarudi bila kitu. Hakuna cha kutangazwa siku hiyo. Ilibidi arudi alfajiri ya Ijumaa, maneno yakiwa yameongezwa ili kila upande uyasome unavyopenda. Kiongozi anayelazimika kutoka katikati ya mlo kwenda kuomba ruhusa ameshawaonyesha wenyeji wake mipaka yake yote.

Maneno ya kusomeka kila upande yalikuja kudai deni lake. Mkataba wa kujitoa ulikamilika Novemba 2018, kurasa 585. Tarehe 15 Januari 2019 Bunge liliukataa kwa kura 432 dhidi ya 202, kushindwa kukubwa kuliko kote kwa serikali ya Uingereza katika zama hizi. Machi 12 likaukataa kwa tofauti ya kura 149. Machi 29, siku ileile ambayo nchi ilipaswa kutoka, kwa tofauti ya 58. Pengo lilikuwa linapungua, na May alishaahidi kuachia ngazi iwapo wangeupitisha, lakini halikuzibika. Kilichonishangaza zaidi siku zile ni Bunge lenyewe kupigia kura njia mbadala moja baada ya nyingine na kutopata hata moja yenye wingi. Njia ya umoja wa forodha ilianguka kwa kura tatu, 276 kwa 273.

Aprili ndipo May alipoanza mazungumzo na Jeremy Corbyn wa Labour. Yalidumu wiki sita yakafa. Jambo hilo lilipaswa kufanyika Agosti 2016, kabla ya barua, wakati ambapo chama cha upinzani kingeweza kupewa kitu na kufungwa nacho. Mwaka 2019 Labour hawakuwa na sababu ya kumwokoa mtu aliyekwisha kutangaza kwamba anaondoka.

Johnson aliikuta nyumba hiyohiyo ikiwaka akaongeza kuni. Aliwafukuza wabunge 21 wa chama chake kwa siku moja, akiwemo Ken Clarke, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, na Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Alitaka kulifunga Bunge kwa wiki tano. Mahakama ya Juu ikasema tarehe 24 Septemba 2019, majaji wote 11 kwa sauti moja, kwamba hatua hiyo haikuwa halali. (May naye alishindwa kwenye mahakama hiyohiyo Januari 2017, majaji 8 kwa 3, alipotaka kupeleka barua bila idhini ya Bunge. Viongozi wawili, hulka mbili, na kosa moja: kuliona Bunge kama kizuizi cha kuzunguka.)

Lakini Johnson alifanya jambo moja ambalo May hakulifanya. Alipoona nyumba hii haimpi wingi, alikwenda kutafuta nyingine akiwa na mkataba tayari mkononi. May aliomba wingi mwaka 2017 akisema, kwa kweli, niaminini, nitajua mbele ya safari. Johnson aliomba Desemba 2019 akiwa na karatasi iliyokwisha kukubaliwa na Ulaya, pamoja na neno moja la kampeni, tumalize. Alipata viti 365, wingi wa 80. Wabunge wake wote waliahidi kuunga mkono mkataba kabla ya kusimama. Januari 31 saa tano usiku nchi ikatoka.

Kwa kipimo hiki peke yake, Johnson ameshinda na wala si kwa kubahatisha. Uchaguzi unaokuja baada ya mkataba unauliza swali linaloeleweka. Ule unaokuja kabla yake unaomba hundi isiyo na kiasi.

Mpaka: soseji na lori

Mpaka kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland una urefu wa kilomita 500 hivi. Dereva anauvuka bila kuuona. Kinachomwambia kwamba amevuka ni vibao vya mwendo kubadilika kutoka maili kwenda kilomita. Hali hiyo ni mtoto wa mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998, na hakuna aliyetaka kurudisha vituo vya ukaguzi pale. Hesabu ikawa hivi: ukitoka kwenye forodha ya pamoja, ukaguzi lazima ufanyike mahali. Mpaka wa nchi kavu hapana. Basi baharini, kati ya kisiwa cha Ireland na kisiwa kikubwa. Kama baharini nako hapana, basi usitoke kwenye forodha, angalau si yote.

May alichagua la mwisho, kwa kulificha kidogo. Aliweka kwenye mkataba bima: kama njia nyingine haitapatikana, Uingereza nzima itabaki ndani ya eneo moja la forodha na Ulaya, na haitaweza kujitoa humo peke yake. Waliotaka kutoka waliona kamba shingoni. Waliotaka kubaki waliona mkataba mbaya kuliko uanachama. Ilikuwa bima iliyomlinda kila mtu na haikumpendeza hata mmoja.

Johnson alichagua bahari. Na hapa inabidi kukumbuka Novemba 2018, aliposimama mbele ya mkutano wa DUP mjini Belfast na kusema kwamba hakuna serikali ya Conservative, chama chake na cha May, inayoweza wala inayopaswa kukubali ukaguzi wa namna hiyo. Oktoba 10, 2019 alikutana na Leo Varadkar, Waziri Mkuu wa Ireland, kwenye jumba la Thornton Manor huko Wirral. Walipotoka walisema wameona njia. Wiki moja baadaye mkataba ulikuwa tayari, na DUP walikuwa wameachwa kwenye mataa. May asingeweza kufanya hivyo hata angetaka, kwani kura zao kumi ndizo zilizomweka madarakani. Johnson hakuwa na wingi hata akiwa nao, hivyo kuwapoteza hakukumgharimu lolote wiki ile.

Gharama ilikuja na lori. Chukua lori la duka kubwa linalovuka kwa feri kutoka Scotland kwenda Larne likiwa na soseji, maziwa, jibini na sandwichi. Kwa mujibu wa maandishi ya mkataba, kila bidhaa yenye asili ya mnyama inahitaji cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo, na nyama ya kusaga iliyopoozwa, yaani soseji zenyewe, haikutakiwa kuvuka kabisa baada ya muda wa msamaha kwisha. Johnson alikuwa amewaambia wafanyabiashara wa Ireland Kaskazini Novemba 2019 kwamba wakipewa fomu wampigie simu, naye atawaambia waitupe kwenye pipa la taka. Fomu zilikuja. Mwaka 2021 mazungumzo ya viongozi wa mataifa makubwa huko Cornwall yaligubikwa na ugomvi wa soseji. Mwaka uliotangulia serikali yake ilileta muswada ambao waziri wake alikiri bungeni ungevunja sheria ya kimataifa, ingawa kwa namna finyu na mahususi, ili kujinasua kwenye mkataba ambao wino wake haujakauka. Februari 2022 DUP waliondoka kwenye serikali ya Ireland Kaskazini, na eneo hilo likakaa miaka miwili bila baraza la mawaziri linalofanya kazi.

Aliyerekebisha ni Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, Februari 2023 mjini Windsor, akiwa na Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya: mizigo inayobaki Ireland Kaskazini inapita njia ya kijani yenye makaratasi machache, inayokwenda Jamhuri inapita njia nyekundu. Ni suluhisho la kuchosha kusoma, lililopatikana kwa watu kukaa na kuchambua orodha za bidhaa. Mtindo huo May angeuweza. Kura za kuupitisha hakuwa nazo.

Vitisho vya kuondoka mkono mtupu

May alisema Lancaster House kwamba ni bora kukosa mkataba kuliko kupata mbaya. Ulaya hawakumwamini, kwa sababu hakukuwa na bandari, ghala wala karani wa forodha aliyeonekana kuajiriwa kwa kasi ya mtu anayemaanisha. Johnson alimaanisha zaidi, au alijua kuigiza vizuri zaidi: alimwaga fedha kwenye maandalizi na akamteua waziri wake Michael Gove kuyasimamia.

Wafuasi wake wanasema hicho ndicho kilichomlegeza Barnier. Mimi sikubali. Bunge lilikwisha kumnyang'anya silaha hiyo Septemba, kwa ile sheria ya kuomba muda, na mkataba ukapatikana Oktoba. Kilichobadilika kati ya miezi hiyo miwili ni kwamba Uingereza ilisogea kuhusu Ireland hadi mahali karibu na pale Barnier alipotaka tangu mwanzo, yaani utaratibu wa pekee kwa Ireland Kaskazini. Ulaya nao walisogea: walikubali kufungua maandishi waliyosema hayafunguki, na wakaliachia bunge la Belfast haki ya kupiga kura baada ya miaka minne, kuamua kama utaratibu huo uendelee. Sehemu kubwa ya kurasa zilizobaki ni zilezile za May. Nakubali kwamba Johnson aliuuza mkataba huo nyumbani kama ushindi, na kuuza nako ni kazi.

Pesa ni hadithi fupi. Julai 2017 Johnson alisema Ulaya wanaweza kupiga mluzi wakisubiri kulipwa. Barnier akajibu kwamba hasikii mluzi, anasikia saa ikigonga. Bili iliyokadiriwa kufikia pauni bilioni 39 ilikokotolewa kwa kanuni zilezile chini ya mawaziri wakuu wote wawili. Kila kiongozi wa kutoka ataahidi kutolipa, na karibu kila mmoja atalipa, kwa sababu jirani uliyemdhulumu leo ndiye utakayeomba naye mkataba wa biashara kesho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika 1977, mgawanyo wa mali na madeni kati ya Kenya, Tanzania na Uganda ulisainiwa Arusha mwaka 1984. Miaka saba, na hapo hakuna aliyekuwa anataka kubaki.

Kuna wasiofanana na hawa wawili

Kabla hujachagua, angalia na milango mingine.

Greenland iliingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 ikiburutwa na Denmark, ingawa watu wake walio wengi walikuwa wamekataa. Ilipopata utawala wake wa ndani 1979 ilijiandaa, ikapiga kura Februari 1982, na ikatoka rasmi 1 Februari 1985 chini ya Jonathan Motzfeldt. Miaka mitatu kwa nchi ya watu wapatao elfu hamsini, ambayo jambo lake kubwa lilikuwa samaki. Siri yake ni kwamba ilijua inachotaka kwa sentensi moja: mamlaka juu ya samaki wetu, na soko la kuwauzia. Ikapata soko bila ushuru, meli za Ulaya zikapata haki ya kuvua kwa malipo. Utasema ni mfano mdogo. Ni kweli, lakini udogo wake ndio unaoonyesha mazungumzo yanavyokuwa pale orodha inapoandikwa mapema.

Mali, Burkina Faso na Niger zilikwenda kinyume kabisa. Tarehe 28 Januari 2024 watawala wao wa kijeshi walitangaza kwa pamoja kwamba wametoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, papo hapo. Mkataba wa ECOWAS unataka mwaka mmoja wa taarifa, na jumuiya ikashikilia hivyo. Kutoka rasmi kukahesabiwa 29 Januari 2025. Hapakuwa na bunge la kupigia kura chochote, wala kura ya maoni. Kwa kasi hakuna wa kuwafikia. Lakini zote tatu hazina bahari, na zimebaki kwenye umoja wa fedha wa faranga ya CFA pamoja na wanachama watano wa ECOWAS ileile, Senegal na Côte d'Ivoire zikiwemo. Ndiyo maana ECOWAS ilitangaza itaendelea kutambua pasi na bidhaa zao kwa muda, na Mei 2025 rais wa kamisheni yake, Omar Touray, alikuwa Bamako kuzungumza na mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo. Mazungumzo ambayo Uingereza iliyafanya kabla ya mlango, wao wanayafanya baada yake. Hawakuyakwepa.

Kwa hiyo umchague nani?

Kama nchi yenu imekwama, Bunge limegawanyika vipande vitatu, watu wamechoka na kila mwezi wa kusubiri unaua biashara, mchukue mtu wa aina ya Johnson. Atakutoa. Usimpe kazi ya kuandika maelezo ya mwisho, na eneo lolote dogo lenye mpaka mgumu liwekewe ulinzi wa maandishi kabla hajapanda ndege, kwa sababu ndilo litakalotolewa kafara.

Kama saa haijaanza, hali ni tofauti kabisa. Mtu wa aina ya May, anayesoma kurasa zote 585 na kujua kila kifungu kinamgusa nani, ana thamani kubwa, kwa masharti mawili: asipeleke barua mpaka mawaziri wake wamesaini anachotaka, na azungumze na upinzani kabla hajamhitaji. May halisi hakutimiza hata moja. Hata hivyo, kati ya hao wawili, kama ningekuwa mfanyabiashara wa Belfast mwenye lori moja, ningempigia kura yeye bila kufikiri mara mbili. Kama ningekuwa mbunge wa chama tawala Desemba 2019, nisingekuwa na sababu ya kumchagua mwingine ila Johnson. Amua kwanza wewe ni yupi kati ya hao.

Na mgombea akija kukuomba kura kwa ahadi ya kuwatoa, usimuulize ana ukali kiasi gani. Muulize orodha. Orodha ya Greenland iliingia kwenye sentensi moja.